Kabla Hamjachapisha Fulana

Nimewahi kuandika risala yenye changamoto kumi na moja. Ilikuwa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, katika shule ya bweni mkoani Tabora nilikokuwa nikifundisha Jiografia na kulea klabu ya mazingira. Tulikuwa na fulana za kijani, bango la mita nne, ngonjera, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili na nusu. Katibu wa klabu, binti wa kidato cha tatu, aliisoma risala ile bila kujikwaa: uhaba wa maji, taka za plastiki, ukataji wa miti, moshi wa jikoni, mmomonyoko nyuma ya bweni la wavulana, tabaka la ozoni, na mengine ambayo hata mimi niliyeyaandika nimeyasahau. Mgeni rasmi akasema changamoto zote amezipokea na zitafanyiwa kazi. Tukapiga makofi. Kisha tukapanda miche hamsini mbele ya ofisi, tukapiga picha, wageni wakala wali kwa kuku, na wiki hiyo hiyo shule ikafungwa.

Anayeijua Tabora ameshacheka. Ifikapo Juni mvua zimeshakatika, na nyingine haitegemewi mpaka Novemba. Nani angemwagilia? Tuliporudi Julai, mchwa na mbuzi walikuwa wamegawana ile miche kindugu.

La miche niliweza kujisamehe. Lililonikaa kooni ni risala. Tulimkalisha mtu mzima kwenye kiti cha heshima, tukamsomea mambo kumi na moja, na katika hayo yote hakuna hata moja ambalo yeye binafsi angeweza kuliamua kesho yake akifika ofisini. Aliyekuwa na uwezo wa kuamua lile la moshi wa jikoni alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake, akipunga hewa kwa ratiba ya sherehe: mkuu wetu wa shule. Kwake hatukuwahi kupeleka ombi lolote.

Tangu siku hiyo, kila klabu inayonifuata kutaka ushauri wa kampeni naiuliza swali moja kabla sijaketi: mnamtaka nani asaini nini, na lini? Wakinijibu kwamba wanataka kuelimisha jamii, najua bado hatujaanza. Kufagia soko ni usafi. Kupanda miti ni kupanda miti, na ni jambo jema likifanywa Januari mvua zikiwapo. Kampeni ni kitu kingine: kuna mtu anashika kalamu, kuna uamuzi ambao asiposukumwa hataufanya, na nyinyi mnajipanga kumfikisha kwenye karatasi. Mabango, nyimbo na maigizo ni vyombo vya kumfikisha huko. Mkishachapisha fulana kabla ya kumjua mwenye kalamu, fulana ndiyo itakuwa kampeni yenyewe.

Basi mnaanzia wapi? Anzeni na kinachowakera. Mwaka 1991 wanafunzi 12 waliketi barazani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, Dar es Salaam, wakamweleza yale yaliyokuwa yakiwaumiza roho katika maeneo yao, na hapo ndipo programu ya vijana ya Roots & Shoots ilipozaliwa. Baada ya risala ile, sisi nasi tuliketi chini ya mwembe. Mvulana mmoja mwenye bidii ya vitabu alitaka tupiganie tabaka la ozoni. Mwingine alitaka Ziwa Tanganyika, ambalo hakuwahi kuliona. Mjadala ukaenda hivyo kwa nusu saa, mpaka msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akichora mchangani kwa kijiti akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye anachojua ni kwamba jana maharage yaliiva saa tisa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, na mama mpishi alikuwa akitokwa machozi kama aliyefiwa.

Wengine walimcheka. Mimi nilihisi kwamba tumepata. Jambo la kampeni ya wanafunzi linafaa liwe mnaloliona kila siku kwa macho yenu. Mwenye kuliamua awe mtu mnayeweza kumfikia kwa miguu au kwa nauli ya basi. Liwe pia na mwisho, yaani ifike siku ambayo mtu yeyote, hata mpinzani wenu, atatazama na kusema limefanyika au halijafanyika. "Kutunza mazingira" halina mwisho. "Jiko la shule liache kuni mbichi ifikapo muhula wa pili" linao.

Msidhani kulibana jambo ni kulidharau. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alianza mwaka 2013 kwa kupigania jalala la Gioto lihamishwe. Ukilitazama jalala, kila kitu kimo humo. Baadaye alikibana kilio chake kikawa kitu kimoja ambacho waziri anaweza kukisaini: mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Hakuwa peke yake, na kulikuwa na majaribio mengine kabla yake, lakini marufuku ilipoanza kutumika Kenya tarehe 28 Agosti 2017, jina lake lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, wakati Zanzibar ilikuwa imeshaanza safari hiyo tangu 2006.

Sasa nitakaa kidogo kwenye kupima, kwa kuwa hapa ndipo klabu nyingi hupita mbio.

Mkiingia ofisini kwa mkuu wa shule na kumwambia kuni zinamaliza misitu, atakubaliana nanyi, atawasifu, na mtatoka kama mlivyoingia. Hata mkimletea takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, atasikitika kwa dhati. Ni vifo vya dunia nzima. Si vya jikoni kwake. Mwambieni jiko lake yeye linakula kilo ngapi kwa siku, na muone atakavyoweka kalamu chini na kuuliza, "Mmejuaje?"

Sisi tulijua kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa mahindi, tuliyoiazima kwa mfanyabiashara wa karibu na kuitundika kwenye tawi la mwembe huo huo. Wanafunzi wawili wawili waliamka kwa zamu saa kumi na nusu alfajiri, kabla moto wa uji haujakolezwa. Walifunga kuni kwa kamba mafungu mafungu, wakapima, wakaandika. Jioni walipima zilizobaki na kutoa. Kwenye daftari kulikuwa na safu tano: tarehe, kilo za kuni, kilichopikwa, idadi ya waliokula, saa chakula kilipoiva. Wiki nzima, Jumapili ikiwamo, maana Jumapili kulikuwa na wali na wali hauli kuni kama kande.

Siku ya pili mama mpishi alituvunjia hesabu. Alikuwa ameegemea nguzo, kanga imefungwa puani, akitutazama tunavyohangaika na kamba. "Wanangu," akasema, "hizo mnazopima leo zimekatwa juzi. Mtaandika kilo nyingi na moto hamtauona." Akachukua gogo moja, akaligonga kwa lingine: mlio mzito, kama kugonga ndoo iliyojaa maji. Kisha akachukua la rundo la zamani, akagonga. Likalia kama ubao. Kijana wa ozoni akaongeza safu ya sita, mbichi au kavu, na toka hapo akawa mpimaji bora kuliko wote.

Mama yule hakuwa amesoma popote kwamba gogo lililokatwa karibuni, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na kwamba moto hutumia nguvu kuyachemsha na kuyafukuza hayo kabla haujaanza kuipasha sufuria. Alijua kwa macho na mapafu yake. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msipime chochote jikoni bila mpishi, na msiandike ripoti ambayo yeye hajasomewa. Jiko ni la kwake. Nyinyi mtamaliza kidato cha nne mwondoke, yeye atabaki na moshi, au na hicho mtakacholeta badala yake.

Mkishapata wiki moja ya vipimo, fanyeni hesabu mbele ya watu, ubaoni, kila mtu aione inavyokua. Tuseme shule yenu inatumia kilo 400 kwa siku na inapika siku 250 kwa mwaka. Hizo ni kilo 100,000, yaani tani 100. Lori la tani saba litakuja mara kumi na nne au kumi na tano. Halafu mwulizeni mhasibu, kwa adabu na kupitia kwa mwalimu mlezi, shule inalipa kiasi gani kwa lori moja. Namba ya fedha ndiyo itakayosikika kwenye kikao cha bodi. Ya tani itasikika kwenu na kwa mwalimu wa Jiografia.

Namba zikishakaa daftarini, rudini kwa mwenye kalamu. Hapa wengi hukosea kwa kudhani ni mtu mmoja. Katika shule nyingi mkuu wa shule husaini, lakini matumizi makubwa hupitia bodi ya shule. Mhasibu anaweza kusema fungu hilo halipo na mjadala ukafia hapo. Kwenye shule ya kutwa ambako wazazi huchangia chakula, kamati yao ina sauti kuliko mnavyofikiri. Afisa elimu na afisa mazingira wa halmashauri hawasaini chochote cha jikoni kwenu, lakini neno lao huvuta. Mkiwa chuoni, ongezeni serikali ya wanafunzi na mzabuni wa kantini. Chukueni karatasi kubwa, andikeni kila mmoja, kisha chini ya jina andikeni anapata nini mambo yakibaki yalivyo na anapoteza nini yakibadilika. Zoezi hili huchukua saa moja na huokoa miezi.

Sisi hatukulifanya, na tulilipa.

Mzabuni wetu wa kuni alikuwa mzee wa kijiji jirani, mwenye lori moja bovu na vijana wanne wa kupakia. Kwenye igizo letu la kwanza bwaloni, wanafunzi walimwigiza: tumbo la mto, kofia, shoka, kicheko cha jini. Bwalo zima lilivunjika mbavu. Meza ya tatu kutoka mlangoni alikuwa ameketi mwanachama wetu mmoja wa kidato cha pili ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza ni binti wa nani. Ndiyo, yule yule wa maharage. Kuanzia kesho yake akaitwa mtoto wa shoka. Akaacha klabu. Baba yake akasikia, akazungumza na mjumbe mmoja wa bodi, na ombi letu likakaa nje ya ajenda kwa muhula mzima.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee kuomba radhi, na nikapewa kiti na uji wa mtama. Hakufoka. Aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini hamkuja kwangu kwanza? Akanieleza kwamba kuni kavu yeye anazitaka kuliko sisi, kwa kuwa ni nyepesi na lori lake haliumii, lakini shule humwagiza leo ikataka kesho, basi anakata chochote kilicho karibu na barabara. Angeagizwa miezi mitatu mbele angeleta kavu na zilizopasuliwa, tena angechukua matawi na miti iliyoanguka. Tulikuwa tumetafuta adui tukampata mtu aliyekuwa na nusu ya jibu mkononi. Binti alirudi klabuni baada ya wiki kadhaa. Urafiki wake na waigizaji haukurudi, na siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo chekesheni kwa kucheka tabia zenu wenyewe. Mnaoacha bomba wazi mpo, mnaotupa nusu ya ugali mpo.

Ombi lenyewe lipangeni kwa ngazi. Mkiomba jiko la gesi siku ya kwanza, jibu ni hakuna fedha, na mlango umefungwa. Tafuteni kwanza yale yasiyodai shilingi, au yanayodai chache. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na mapema ni kuni. Sufuria iliyofunikwa huchemka haraka kuliko iliyo wazi, na mifuniko ya sufuria za shule ina tabia ya kupotea na kuonekana ikiwa imefunika pipa la maji. Banda la kuni lenye paa na upenyo wa hewa linaweza kujengwa kwa mabati ya zamani na nguvu za vijana wenyewe Jumamosi mbili. Kupasua magogo makubwa huharakisha kukauka. Haya mkiyafanya, mkapima tena wiki nyingine, mtakuwa na namba mbili, ya kabla na ya baada, na hapo mnaingia ofisini mkiwa watu waliokwisha kuipunguzia shule gharama. Mtu wa namna hiyo husikilizwa akiomba ngazi ya pili, ambayo ni majiko banifu yaliyojengewa, yenye bomba la kutolea moshi nje. Ngazi ya tatu ni kuachana na kuni kabisa: gesi, bayogesi kama shule ina ng'ombe au vyoo vinavyofaa, au mkaa mbadala.

Kwenye ngazi hiyo ya tatu, wanafunzi wa Tanzania wa leo wana silaha ambayo sisi hatukuwa nayo. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Ni silaha, lakini angalieni mnavyoishika. Mkiingia kwa mkuu wa shule mkipeperusha agizo kama askari wa usalama barabarani, mtamfanya ajitetee, na mtu anayejitetea haamui kitu. Mwambieni hivi badala yake: Mwalimu, agizo lipo, fedha shule haina, na tunadhani namba hizi zinaweza kukusaidia ukizipeleka halmashauri. Hapo mmemweka upande wenu wa meza. Wakuu wengi wa shule wamekwishaagizwa mambo wasiyo na fungu la kuyatekeleza, na karibu hakuna anayewaletea ushahidi wa kuombea fungu hilo.

Barua iwe ukurasa mmoja. Nimeona barua za klabu zenye kurasa nne zinazoanza na kuumbwa kwa dunia. Anzeni na ombi lenyewe kwenye aya ya kwanza: tunaomba bodi, katika kikao chake cha mwezi fulani, iidhinishe ujenzi wa majiko banifu mawili kwa gharama hii, kwa sababu hizi. Kisha namba zenu. Kisha kile ambacho klabu itafanya kwa mikono yake. Sahihi za mwenyekiti, katibu na mwalimu mlezi. Pitisheni kwa ngazi zinazostahili, maana barua iliyomruka makamu mkuu wa shule hurudi kwa makamu, na ikirudi huwa imechacha. Nakala moja ibaki kwenye faili, ikiwa na tarehe na jina la aliyeipokea.

Barua zina nguvu kuliko vijana wanavyoziamini. Mwaka 1989, serikali ya Kenya ilipotaka kujenga mnara wa ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alianza kwa kuandika. Aliziandikia ofisi za serikali, akayaandikia mashirika ya kimataifa, akamwandikia hata balozi wa Uingereza, kwa kuwa mfanyabiashara Robert Maxwell wa huko alikuwa mbia katika mradi. Angalieni alivyouchimba: aliuliza nani anataka mnara, kisha akauliza fedha zake zinatoka kwa nani. Alitukanwa bungeni na hadharani. Lakini wenye fedha walirudi nyuma, na bustani ipo mpaka leo. Swali la fedha zinatoka kwa nani hufanya kazi hata kwenye kantini ya chuo.

Kalenda sasa. Ihesabuni kinyumenyume, kutoka siku ya uamuzi kurudi leo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla. Jambo linalohitaji fedha za umma likiletwa tarehe 5 Juni limeshachelewa, hata kama mgeni rasmi ni waziri. Kama kikao cha bodi ni Machi, barua iwe ofisini mwishoni mwa Januari, na upimaji wenu uwe ulifanyika Oktoba. Oktoba kidato cha nne wana mitihani kichwani, basi kazi ya alfajiri ipangiwe kidato cha kwanza na cha tatu. Mwanafunzi wa mtihani abaki kuwa mshauri. Klabu inayomfelisha mwenyekiti wake hupoteza wazazi wote kwa siku moja, na kwa haki.

Uenezi ndio sehemu mnayoipenda, kwa hiyo sitaisema sana. Kilichotusaidia kuliko bango la mita nne ni ubao mweusi mdogo uliokuwa umetupwa stoo. Tuliutundika mlangoni mwa bwalo, na kila siku mchana mtu mmoja aliandika kwa chaki kilo za kuni za jana na saa chakula kilipoiva. Basi. Siku ya nne watu walianza kubashiri. Siku ya kumi mwalimu wa zamu alikuwa akipita kuutazama kabla ya kusaini kitabu chake. Siku ambayo namba ilipanda ghafla, bwalo zima lilitaka kujua kwa nini, na jibu lilikuwa kwamba maharage yalisahauliwa kulowekwa, na zamu ilikuwa ya mwenyekiti wa klabu. Mkiwa na redio ya jamii jirani, ombeni dakika kumi, na mpelekeni mama mpishi naye azungumze kama mwenyewe ameridhia. Kwa wa vyuoni wenye simu mkononi: kundi la WhatsApp la watu mia tatu si wanachama mia tatu. Hesabuni waliokuja alfajiri.

Fedha zenu ziwe kidogo na zionekane. Daftari la mweka hazina lisomwe kila kikao, hata kama kilichotumika ni kamba na chaki. Mfadhili akija, someni kilicho mgongoni mwa fulana anayoitoa. Ukipigana na chupa za plastiki huku umevaa jina la mwenye chupa, hata watoto wa chekechea watakuuliza.

Na mkikataliwa? Mtakataliwa. Ulizeni sababu, kwa upole, na ombeni iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. "Hakuna fedha" na "hatuamini namba zenu" ni magonjwa mawili tofauti, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza unahitaji chanzo kingine au ngazi ya chini ya ombi. Wa pili unahitaji mjumbe mmoja wa bodi aamke saa kumi na nusu alfajiri aje kushika mizani. Wa kwetu alikuja, akakaa mpaka uji ukaiva, akaondoka macho mekundu.

Kuna watakaowaambia tokeni barabarani. Mwaka 1999 wanafunzi wa vyuo vikuu Nairobi walitoka kuutetea msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wajenzi, na msitu ulipona. Lakini walikutana na virungu na mabomu ya machozi, na walikuwa watu wazima waliojua wanachokifanya. Kwa wanafunzi wa sekondari, jibu langu ni hapana, na silirembi. Hapana pia kwa kwenda porini peke yenu kupiga picha wachoma mkaa au wakata magogo. Yule mnayempiga picha ana panga na ana njaa, na aliyemtuma hayumo kwenye picha. Mkiona uharibifu, mwalimu mlezi na kamati ya mazingira ya kijiji wapate taarifa, nyinyi mrudi darasani.

Jambo ambalo huua kampeni nyingi kuliko ukatili wa wakubwa ni Novemba. Kidato cha nne wanaondoka na masanduku yao, na ndani ya masanduku hayo zimo kumbukumbu zote za klabu. Januari wanakuja wapya, wanaketi chini ya mwembe, wanaanza upya na ozoni. Kila mwenye cheo awe na msaidizi wa madarasa mawili chini yake, anayeingia kila kikao na kushika faili kwa mikono yake. Daftari la vipimo lisikae bwenini. Likae ofisi ya taaluma, kwenye kabati, pamoja na nakala za barua.

Nasema hivi kama mtu aliyevunja kanuni yake. Kwa wakati wangu tulipata mifuniko, banda la kuni, na agizo la kuni la miezi mitatu mbele. Majiko banifu hatukupata. Bodi ilituahidi, kisha nikahamishwa, na katika kufunga mizigo daftari la kwanza la vipimo likaingia kwenye sanduku langu kati ya vitabu vya ramani. Miaka miwili baadaye simu iliita usiku, namba nisiyoijua. Alikuwa katibu mpya wa klabu, akitumia simu ya matroni. Akanisalimu shikamoo mara mbili kwa wasiwasi, akanieleza kwamba majiko yamejengwa, mama mpishi bado yupo na ananisalimu, na kwamba wameanza kupima tena lakini hawana pa kulinganishia.

"Mwalimu," akasema, "tumeambiwa daftari unalo wewe."

Nililituma kesho yake kwa basi la asubuhi, limefungwa kwenye mfuko wa sandarusi wa sukari, na nauli ya kifurushi nikailipa mwenyewe.